Motere Inapopumzika

Hapa Kisangani hakuna baridi ya kugandisha maji. Mama anayevuka mto alfajiri kutoka Lubunga hujifunika kitenge tu. Lakini dada yetu mmoja anayeishi Ubelgiji alitusimulia kwamba huko, kabla ya majira ya baridi, wenye mashua huondoa maji yote ndani ya motere. Maji yakiganda hupanuka karibu sehemu 9 kwa 100, na chuma kilichoyashika hupasuka. Tulicheka, kisha tukaulizana: na yetu, nani anailinda inapokaa bila kazi?

Motere hiyo tuliinunua kwa fedha za likelemba, wiki kwa wiki. Inaleta mchele, mawese na samaki wa kukaushwa kutoka Yangambi na Isangi, na faida yake inalipa minervali ya watoto wetu wa sekondari. Ikifa, hakuna mama atakayelia peke yake.

Miezi ya kwanza ya mwaka maji hushuka, mafungu ya mchanga hujitokeza, na safari hupungua. Motere hufungiwa ndani, na watu husema kitu kisichofanya kazi hakiharibiki. Sivyo. Esanse inayobaki miezi mingi ndani ya kabureta huacha utando kama gundi, nao huziba vitundu vidogo. Maji ya mto yaliyosalia huleta kutu. Mchanga hula mpira wa pampu. Baridi ya Ulaya huweza kupasua motere usiku mmoja. Joto na unyevu wa kwetu huiua polepole, bila kelele.

Tulipotaka kujifunza kuitunza, dereva wetu alinuna. Alidhani tunamshuku wizi. Tukamwambia: "Baba, mtoto wa nyumba hajulikani na mtu mmoja tu. Siku ukiugua, nani atajua amekula nini?" Akakubali, na yeye ndiye akawa mwalimu wetu.

Sasa tunafanya hivi. Nje, penye hewa, tunasimamisha mguu wa motere ndani ya pipa la maji safi na kuiwasha dakika 10 hivi, gia ikiwa huru, vitenge vimefungwa vizuri, watoto wako mbali. Tunaangalia uzi wa maji unaotoka nyuma. Ukiwa dhaifu au ukikatika, tunazima mara moja: njia imeziba, au pampu imechoka.

Kisha tunachomoa mpira wa esanse na kuiacha iungurume mpaka izime yenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Ikipoa, tunafungua bugi, tunadondosha mafuta kidogo ya motere ndani ya silinda, tunavuta kamba taratibu mara chache ili yaenee, halafu tunarudisha bugi.

Baadaye tunamwaga mafuta ya gia ya chini. Yakitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia, na fundi atafute yanapopita kabla hatujaweka mapya. Maji hayo hayo hupasua chuma huko Ulaya. Kwetu hula meno ya gia.

Mwisho, motere husimama wima juu ya mbao ili maji yote yateremke. Tunaifunika kitambaa kinachopitisha hewa. Plastiki hufungia unyevu.

Na esanse, wamama, isilale chumba kimoja na watoto, wala karibu na moto wa jiko. Isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa maana mtoto mwenye kiu hasomi rangi. Wala mtu asiivute kwa mdomo. Ikiingia kwenye mapafu huweza kuua.

Kila kazi tunaiandika kwenye daftari: siku gani, nani alifanya, nini kilibadilishwa. Daftari linakaa kwa mtunza fedha, pamoja na lile la likelemba, kwa sababu yote mawili yanalinda fedha zile zile.

Vikundi vyenye motere, chagueni wamama wawili wajifunze kazi hii sasa, maji yakiwa bado juu. Mkimkuta dereva wenu amenuna, msigombane naye. Mwombeni awafundishe.