Manukato ya Uarabuni, Maua ya Nani?

Katika korido za chuo ninapofundisha, biashara inayoshamiri siku hizi ni ya mafuta ya manukato. Chupa ni ndogo kama kidole, ina kigololi mdomoni, na lebo yake imeandikwa kwa hati ya dhahabu. Muuzaji, mwanafunzi wa mwaka wa pili, huinadi kwa ufasaha ambao sijapata kuuona katika insha zake: “Shikamoo dokta, haya ni ya matunda na maua, anasa halisi ya Kiarabu, hayana spiriti hata tone.” Nimenunua. Yananukia vizuri, wala sina nia ya kuyakashifu. Ninalolidadisi ni hilo jina la anasa ya Kiarabu.

Tuanze na matunda. Pichi halikamuliki likatoa manukato. Harufu yake hutengenezwa maabara. Guerlain wa Paris waliitumia harufu hiyo ya maabara katika Mitsouko mwaka 1919, na hadi leo pichi lililomo ndani ya chupa ni kazi ya mkemia. Udi nao, ambao ndio nembo yenyewe ya Ghuba, hautokani na mti wa jangwani. Asili yake ni misitu ya Assam na Indochina. Waridi la Taif ni la Uarabuni kweli, lakini ni ghali mno kuingia katika chupa ya bei ya chakula cha mchana.

Yanabaki maua mengine, na hapa njia inarudi kwetu. Langilangi, ua la manjano ambalo wanawake wa mwambao hulitia katika vikuba pamoja na asumini na rehani, ni miongoni mwa nguzo za manukato ya kifahari duniani, na Comoro ni mmoja wa wazalishaji wake wakubwa. Huchumwa alfajiri, mafuta yakiwa bado yamejaa katika petali. Kilo 100 za maua hutoa takribani kilo 2 tu za mafuta, baada ya kuchemshwa kwa saa nyingi. Katika kisiwa cha Anzuani, ambacho Wafaransa hukiita Anjouan, matanuri mengi huchochewa kwa kuni. Milima inavuliwa miti, na mito iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima inakauka. Mafuta hayo halisi huenda kwa wenye fedha. Chupa ya korido, kwa bei ile, sitarajii iwe na zaidi ya mwigo wake.

Nisieleweke kwamba nawabeza Waarabu. Al-Kindi aliandika kitabu kuhusu manukato na ukenekaji huko Baghdad katika karne ya 9. Ustadi wa kuchanganya, kusubiri na kupima ni urithi wao wa haki. Lakini Zanzibar tunajua kwamba neno anasa lina upande wake wa pili: karafuu zilizoutajirisha utawala wa Sayyid Said zilipandwa na kuchumwa na watumwa. Aliyevaa harufu nzuri na aliyeparamia mkarafuu hawakuwa mtu mmoja.

Leo Pemba ina kiwanda cha makonyo pale Wawi, kinachokeneka mafuta ya vikonyo vya karafuu, mchaichai na mdalasini. Ni jambo jema. Hata hivyo karafuu zetu nyingi bado zinasafiri zikiwa kavu magunioni, na thamani hupatikana kule zinakochanganywa na kupewa jina. Nimekaa katika warsha kadhaa za uchumi wa viwanda, nikanywa chai yake na kusaini karatasi za mahudhurio, na sijasikia hata mara moja mchanganyaji manukato akitajwa katika orodha ya wataalamu tunaowahitaji.

Wapo, lakini hatuwaiti hivyo. Mwanamke wa Wete anayepika udi kwa sukari na maji ya waridi anajua ni lini aipue sufuria kabla sukari haijaungua, harufu ipi itadumu katika kanga hadi kesho yake, na ipi itamwumiza kichwa bibi harusi. Elimu hiyo tumeiandikia “mambo ya kike” na kuifungia jikoni. Mtaala wa ufundi nilioombwa kuutolea maoni una kurasa nyingi kuhusu ushonaji na upishi wa hotelini. Neno udi halimo.