Hofu Iliyochagua Mabinti

Mabinti wa hapa Garsen, Tana River, waliozaliwa mwaka 2005, au karibu na hapo, leo ni watu wazima. Wako wanaofundisha, wako wauguzi, na wako walioozwa kabla ya kumaliza darasa la nane ambao sasa wana watoto wao wa kupeleka shule. Wazee wenzangu hupenda kusema kizazi hiki kimelegea, hakijui shida, kazi yake ni simu na boda boda. Kabla hatujakihukumu, tukihesabie kwanza kilichovuka.

Walikuwa ndio kwanza wanashika kalamu mwaka 2012. Agosti 22 kijiji cha Riketa kilivamiwa alfajiri, wakauawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Septemba vikafuata vijiji vya Chamwanamuma na Kilelengwani, na Disemba ikawa zamu ya Kipao. Serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku, familia zikajazana Garsen, Minjila na Witu, madarasa yakabaki na popo. Waliovamia hawakuwa magaidi kutoka ng'ambo. Tulikuwa sisi kwa sisi, wakulima na wafugaji, tukigombea mashamba na malka za kunyweshea ng'ombe. Katikati ya maafa hayo redio ikatuletea habari ya Pakistan: Oktoba 9 msichana wa miaka 15, Malala Yousafzai, amepigwa risasi ndani ya gari la shule kwa sababu ya kutetea masomo ya wasichana. Wengi tulitikisa vichwa, tukaona ni mambo ya mbali.

Hayakukaa mbali. Juni 2014 mji wa Mpeketoni, Lamu, ulivamiwa na kuchomwa moto. Julai wavamizi wakafika Gamba, mwendo mfupi tu kutoka hapa, wakashambulia kituo cha polisi. Aprili 2, 2015 Al-Shabaab wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakawatenga wanafunzi kwa dini na kuua watu 148, karibu wote wanafunzi. Garissa ni mji wa mto huu huu wa Tana tunaokunywa maji yake. Januari 2020 basi la Lamu likashambuliwa Nyongoro, na siku chache baadaye walimu watatu wakauawa usiku katika shule ya msingi ya Kamuthe, Garissa. Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera, na shule nyingi zikabaki na walimu wa kuhesabika.

Ongezeni mafuriko ya 2018, korona iliyowafungia wanafunzi wengi shule tangu Machi 2020 hadi Januari 2021, ukame uliomaliza ng'ombe 2021 na 2022, kisha El Niño ya Novemba 2023, ambapo watahiniwa wa KCSE walifanya mtihani huku barabara zimekatika. Binti aliyetoka na cheti katika hayo yote, mtu asimwambie mbele yangu kwamba amelegea.

Lakini kuna jambo jingine, na hilo silo la Al-Shabaab.

Baada ya shambulio la Garissa tulikaa barazani kuzungumzia watoto walio mbali. Mzee mmoja alisimama akasema hampeleki binti yake tena shule ya bweni: "Nimpeleke akachinjwe?" Watu wakaguna kumwunga mkono, na hofu yake ilikuwa ya kweli, maana maiti tuliziona kwenye magazeti. Ila muhula ulipofunguliwa, kaka yake binti huyo alipanda basi kurudi shule ya bweni Garissa kwenyewe, na baba ndiye aliyemsindikiza stendi. Binti alibaki nyumbani. Mwaka haukwisha, mahari ikapokelewa.

Hilo halikuwa la nyumba moja. Kila palipotokea shambulio, mabinti kadhaa waliondolewa shule na wavulana wakaendelea. Risasi ya gaidi haiulizi huyu ni mvulana au msichana. Hofu yetu ndiyo iliyochagua. Kikulacho ki nguoni mwako: adui wa mbali alitupa sababu nzuri ya kutimiza tuliyokuwa tukiyataka tangu zamani, na tukayaita usalama. Ukame ulipokuja, mambo yakawa yale yale kwa jina jingine. Ng'ombe wamekufa, baba anatazama huku na huku, na kilichobaki cha kurudisha ng'ombe zizini ni binti wa darasa la saba.

Mabinti wenyewe wanalijua hili kuliko sisi. Miaka ile magari ya Lamu yalipokuwa yakienda kwa msafara wa polisi, nilikuwa ndani ya basi siku ya kufungua shule. Kizuizini tulishushwa sote. Askari akamwamuru msichana wa kidato cha pili afungue sanduku lake la bati. Akatoa sabuni ya mche, blanketi, sukari iliyotiwa kwenye kopo la maziwa, pakiti ya pedi, madaftari yaliyojalidiwa kwa gazeti. Vyote vikawekwa chini mbele ya wanaume. Alivirudisha kimoja kimoja bila kumtazama mtu, akabana kufuli. Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, huogopi njia hii?" Akaniambia, "Babu, naogopa. Lakini nikirudi nyumbani muhula huu, sitoki tena."

Wenye bunduki hudai wanatetea dini. Pwani hii haihitaji kufundishwa Uislamu na mtu anayeua walimu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi ambao hadi leo unasomwa vyuo vikuu. Alikuwa mke wa Sheikh Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani Pate, Mwislamu mwenye kushika dini, na elimu haikumpunguzia imani. Na aliyetaka kuona Mwislamu akilinda wenzake amkumbuke Salah Farah, mwalimu wa Mandera. Disemba 2015 wavamizi walisimamisha basi wakataka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa. Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari iliyofuata. Hiyo ndiyo tafsiri ya dini tunayoijua sisi.

Sasa tutazame mbele. Tangu 2023 sekondari ya chini imewekwa ndani ya shule za msingi, kwa hiyo binti anaweza kufika gredi ya 9 akilala kwao. Hilo ni jema sana kwetu. Lakini kundi la kwanza la mtaala huu mpya limefika gredi ya 10 mwaka 2026, na hapo ndipo mzazi anaulizwa tena: bweni la mbali, au posa iliyo mlangoni? Katiba ya 2010 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, ila katiba haimlipii nauli wala haimjengei ukuta.

Kwa hiyo kaunti na wabunge wetu watujengee mabweni ya wasichana humu humu Delta ya Tana, yenye ua na mlinzi, mtoto asilazimike kupita vizuizi vinne kwenda kutafuta kitanda. Basari ziwafuate mabinti wa gredi ya 10 kabla ya wachumba kuwafikia. Na mabinti wa kizazi hiki waliofaulu wasomeshwe ualimu kwa wingi, wafundishe nyumbani. Mwalimu mgeni akihamishwa kwa sababu ya usalama, mwenyeji hubaki, maana hana pengine pa kwenda.

La wazee halihitaji bajeti. Mabaraza yetu ya wazee, Gasa ya Wapokomo wakulima na matadheda ya Waorma wafugaji, yamewahi kukaa pamoja kuzima damu. Yaweze pia kukaa kuweka sharti moja. Baba yeyote atakayekuja barazani kusema amemtoa binti shule kwa sababu ya usalama, asikilizwe kwa heshima, kisha aulizwe kaka wa binti huyo yuko wapi. Kama kaka huyo yuko nyumbani, tujue hofu ni ya kweli na tuwatafutie wote wawili shule iliyo salama. Kama yuko darasani, chifu aandike jina la binti, na Jumatatu arudi shule.