Kilomita Nne Tu

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea. Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuwaandikia habari za mitihani ya muhula, lakini kuna neno limetembea kambini kutoka bombani hadi sokoni, nalo limefika kabla yetu: eti walimu wamechukua mchango wa karatasi wakalipia faini ya polisi. Basi tumeona mitihani isubiri kidogo. Kwanza tuwaeleze faini ilikuwa ya nini, aliandikiwa nani, na hela ilitoka mfuko gani. Na kwa kuwa sisi ni walimu tutachanganya na hesabu, mtuvumilie.

Tuanze na karatasi. Shilingi 42,000 mlizochanga zilifika mjini zote, na zimetoa nakala za mitihani ya madarasa manne. Risiti ya duka imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya shule, kila mtu anaruhusiwa kuingia kuisoma. Hilo limekwisha.

Sasa faini. Siku ile tulikuwa walimu wanne na dereva ndani ya Probox, kila mmoja wetu na kibali chake cha kutoka kambini mfukoni. Nauli tulipatana 5,000 kila mtu, kwenda na kurudi. Mambo ya mjini yalikwenda vizuri, nakala tukapata, tukaanza kurudi mchana bado kungali na jua. Lami ni nzuri siku hizi, gari linateleza tu. Tukapita kijiji kimoja chenye kibao cha duara kimeandikwa 50, nyumba chache, kinamama wanauza ndizi, mbuzi wamelala kando. Mbele kidogo, chini ya mwembe, askari wa trafiki akanyoosha mkono.

Madereva wa huku wanaita kupigwa tochi. Wengine wetu tulikuwa tunasikia neno hilo bila kulielewa, tukidhani ni taa kweli ya kumulika usiku. Kumbe ni kile kifaa cha kupima mwendo. Kinatuma mawimbi yasiyoonekana, yanagonga gari na kurudi, na kwa jinsi yanavyorudi kifaa kinajua gari lilikuwa linakimbia kiasi gani. Mwenye tochi alikuwa nyuma kule, tulimpita bila kumwona. Huyu wa mbele alikuwa na picha tayari kwenye simu yake: Probox letu, namba zinasomeka, na chini yake 54.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo wengi wenu mtalielewa bila maelezo marefu. Gari liliposimama, sisi wanne tulinyamaza kimya kabisa. Mikono yote ilikwenda kwenye vibali. Mama mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye ndiye mkubwa wetu, alianza kusali kwa sauti ya chini. Kwetu tulikotoka, ukisimamishwa kwenye barieri hapakuwa na kibao wala kipimo. Mwenye bunduki alikutazama usoni, akatazama mizigo, kisha akataja bei. Na bei ilikuwa ile aliyoipenda siku hiyo. Kuna waliolipa wakapita, na kuna waliolipa na hawakupita. Mtu akishaishi hivyo, mkono ukinyooshwa barabarani mwili wake unakumbuka kabla ya kichwa.

Lakini yule askari hata hakututazama. Alimsalimia dereva, habari za safari, akaomba leseni.

"Dereva, umetembea 54. Hapa ni 50."

"Afande, kilomita nne tu!"

"Zimezidi au hazijazidi?"

Dereva akashuka, akamfuata pembeni, tukasikia "mkuu, tuelewane basi". Wala hawakuelewana, maana askari alikuwa ameshaanza kubonyeza kile kimashine cha mkononi. Karatasi ikatoka, nyembamba kama ya dukani. Ndani yake kuna namba ya gari, kosa, shilingi 30,000, na namba ya kulipia kwa simu au benki. Hela haikupita mkononi mwa mtu. Gari likaruhusiwa, tukaondoka.

Mwenzetu mmoja aliiomba ile karatasi akaisoma mara mbili, kama barua ya ndugu. Akasema, "Hii imeandikwa tumefanya nini." Dereva akamjibu vibaya, na tulimwelewa. Piga hesabu wewe mwenyewe. Walimu wanne kwa 5,000 ni 20,000, na humo atoe mafuta na amletee mwenye gari hesabu yake. Faini 30,000. Yaani kilomita nne zimekula safari nzima na nusu ya safari nyingine. Dereva huyo ana watoto watatu, si mtu wa kambini, ni mwenyeji wa hapa, lakini maisha yake na yetu hayapishani sana.

Akasema tugawane. Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na pengine ndipo na lile neno la bombani lilipopata miguu, maana tulibishana mpaka getini na watu wakasikia. Mwalimu mmoja alisema mkanyaga mafuta ndiye mlipaji, sheria inamwandika dereva, haimwandiki abiria. Mwingine akasema sawa, lakini sisi sote tulikuwa tunapelekwa na mwendo ule ule, hakuna aliyeteremka kwenye 50 akatembea kwa miguu. Dereva aliuona mfuko wa mchango wenu tulipokuwa dukani, akauulizia. Mama mwalimu aliuweka chini ya kitenge akasema, "Ule ni wa watoto, mwanangu, usiuangalie kabisa."

Mwisho kila mmoja wetu alitoa 2,000 katika hela yake mwenyewe, ya posho. Ikawa 8,000, dereva akabaki na 22,000. Yule mwenzetu aliyekataa naye alitoa, ila alisisitiza kwamba yake ni ya pole, si ya faini. Tofauti hiyo sisi tuliona haina maana, yeye anaona ina maana kubwa, na mpaka leo hatujakubaliana.

Dereva alikuwa na utetezi mwingine pia. Aliapa kwamba mita ya gari ilionyesha 50 kamili. Inawezekana, na hakuwa anasema uongo. Alikuwa amefunga tairi kubwa kuliko zile za kiwandani, gari liinuke lisigonge mawe kwenye njia zetu. Sasa mita ya gari inahesabu mizunguko, haioni barabara. Tairi likiongezeka kimo hata sentimita chache, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi, na mita haina habari. Kwa hiyo madereva mliofunga tairi kubwa, na tunajua mpo, mita yenu inawapunja. Ikisema 50, nyinyi mmeshapita.

Kesho yake darasa la sita walikuwa wameshasikia yote. Watoto wanajua mambo ya walimu kuliko walimu wenyewe. Mmoja akanyosha kidole: mwalimu, kilomita nne si kidogo tu? Tukaona hili ni somo zuri kuliko lile lililokuwa kwenye daftari, tukafuta ubao.

Kilomita 54 kwa saa ni mita 54,000 kugawanya kwa sekunde 3,600. Inatoka mita 15 kamili kila sekunde. Kilomita 50 inatoka karibu mita 14. Mpaka hapo darasa lilicheka, mita moja tu! Lakini dereva akiona mtoto barabarani hakanyagi breki papo hapo. Jicho linaona, kichwa kinaamua, mguu unahama. Tuweke sekunde moja. Ndani ya sekunde hiyo gari linakwenda kama hakuna kilichotokea. Halafu breki. Tulichukua breki nzuri kwenye lami kavu, inayopunguza mwendo kwa mita kama 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Gari la 50 linasimama baada ya mita 28 hivi. La 54 linasimama baada ya mita 31.

Tukatoka nje na kamba. Tukapima 28, tukaweka jiwe. Tukapima 31, jiwe la pili. Kati ya mawe hayo mawili watoto sita walilala chini mmoja baada ya mwingine kujipima urefu, wawili tu wakajaza nafasi yote na zaidi. Kisha swali gumu: pale kwenye jiwe la kwanza, ambapo gari la 50 limeshasimama kabisa, lile la 54 lina mwendo gani? Hili tuliwafanyia sisi, maana halijafika darasa la sita. Bado linakwenda karibu kilomita 25 kwa saa. Ni mwendo wa baiskeli iliyoachiwa kwenye mteremko, ila hii baiskeli ni ya chuma na ina uzito wa tani moja. Na hapo ni lami kavu na breki nzuri. Kwenye vumbi letu, au siku ya mvua, hesabu inaharibika zaidi.

Shirika la Afya Duniani lina hesabu yake pia: mwendo wa wastani wa magari ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Nne juu ya hamsini ni asilimia 8. Tukawaachia wazidishe wenyewe.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma hakuridhika. Alisema, "Lakini mwalimu, siku ile pale mbele hapakuwa na mtu." Ni kweli, hapakuwa na mtu, mbuzi tu, na hawakuinuka. Hatukumpa jibu la kumnyamazisha, kwa sababu hatuna. Faini ya tochi inalipwa kwa jambo ambalo halikutokea. Huo ndio uzito wake, na ndiyo maana inauma kuliko ya mtu aliyegonga.

Tena si kila nchi inakata mstari pale pale. Kenya, katika kanuni za makosa madogo za mwaka 2016, waliandika kwamba aliyezidisha kilomita 1 hadi 5 apewe onyo, na 6 hadi 10 alipe shilingi zao 500. Huko dereva wetu angeonywa akaendelea na safari. Ufaransa, kwa mwendo ulio chini ya 100, wanaondoa kwanza kilomita 5 kwa ajili ya makosa ya mashine, kwa hiyo 54 yetu ingekuwa 49 na hakuna kesi. Ujerumani wanaondoa 3 tu, inabaki 51, na faini ni euro 30 kwa aliyezidi hata moja mjini. Wenye ndugu waliohamia huko waulizeni, watawaambia barua inafika nyumbani na picha ya mtu kwenye usukani. Sisi tunaona uungwana ni kuondoa kidogo kwa ajili ya mashine. Mashine nazo zimetengenezwa na watu. Lakini hata baada ya kuondoa, mahali fulani panabaki pa mwisho, na siku zote kuna mtu atakuwa amepapita kwa kilomita moja.

Na hili sisi walimu tunalijua vizuri, maana kila mwisho wa muhula ni sisi wenye tochi. Kupita ni asilimia 50. Mtoto anapata 49. Baba yake anakuja jioni, anasimama mlangoni, kofia mkononi: mwalimu, moja tu, wewe mwenyewe unamjua mtoto. Tunamjua kweli. Tunajua anachota maji kabla ya kuja shule na kwamba mdogo wake aliugua wiki ya mtihani. Tukimpa hiyo moja, yuko mwingine mwenye 48 ambaye baba yake hayupo wa kuja kusimama mlangoni. Wako wengi kambini wasio na wa kuwasemea. Dereva alipoambiwa na mama mwalimu habari hii alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akasema, "Kumbe nyinyi nanyi ni matrafiki." Hatukukataa.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi kwa mitihani hii. Kabla hatujasema mtoto ameanguka kwa alama moja au mbili, karatasi yake itasahihishwa na mwalimu wa pili ambaye hajaona alama za wa kwanza, na tukitofautiana mtoto anapata iliyo kubwa. Hiyo ndiyo tunayoondoa kwa ajili ya mashine. Baada ya hapo 49 ni 49. Matokeo yatabandikwa karibu na ile risiti ya duka, na karatasi za mitihani zitakuwa mezani ofisini wiki nzima, saa nane hadi saa kumi mchana. Mzazi aje na mtoto wake, tutafungua pamoja swali kwa swali, aone pale kila alama ilipopotea. Asiyejua kusoma tutamsomea. Dereva naye amesema atapita, binti wa dada yake yuko darasa la nne shule ya kijijini na anataka aone mitihani yetu inafananaje.