Kalamu ya pembe na tone la wino

Wengi wenu mliniona kambini na kalamu ya pembe ya ng'ombe, na sasa mkinikuta barabarani mnaniuliza kwa nini naandika na biki kama mtoto wa shule. Nimekuwa nikicheka na kupita. Leo nawajibu, kwa sababu ndani ya jibu hilo kuna mama ninayemtafuta.

Kalamu yenyewe ilianzia kwa babu. Alikuwa karani kwenye shamba la chai, na mkubwa wake alipoondoka alimwachia kalamu nyeusi ya kujaza wino. Babu akanipa mimi nilipomaliza masomo ya uandishi wa habari. Siku moja nikianguka na motari karibu na Sake, ikapasuka mwili wote. Kilichobaki kizima ni ncha ya chuma na ule ulimi mweusi unaokaa chini ya ncha. Nilivifunga kwenye karatasi, nikatembea navyo mfukoni miezi mingi.

Katika kambi ya Bulengo kulikuwa na mzee mmoja wa Masisi, fundi wa kukereza miguu ya vitanda na meza. Vita vilimkuta na mikono yake tu. Pale kambini alijitengenezea kerezo chini ya bashi, kwa gurudumu la baiskeli na kamba ya kukanyaga, akawa anatengeneza chukudu za watu na miiko ya kupikia. Nilimwonyesha vipande vyangu. Akausugua ule ulimi kwa kidole gumba, akaunusa, akasema: «Hii inanuka Nyiragongo.»

Mtu wa Goma hawezi kukosea harufu hiyo. Ni salfa. Kalamu za zamani zilitengenezwa kwa mpira uliopikwa pamoja na salfa mpaka ukawa mgumu kama mfupa, na ukiusugua ukapata joto, harufu inarudi. Ndiyo sababu pia kalamu ya babu ilikuwa imegeuka rangi, kutoka nyeusi kuwa kahawia yenye ukijani. Mpira wa namna hiyo unachujuka ukipigwa na mwanga miaka mingi. Nilimweleza mzee niliyosoma: kwamba Lewis Waterman wa Marekani alipata hati ya kalamu yake mwaka wa 1884, na mwaka uliofuata nchi yetu ikawa mali ya Leopold wa Pili. Kalamu hizo zilipokuwa zinaenea duniani, mpira wa Kongo ulikuwa unashushwa bandarini Antwerp, na waliouleta pungufu msituni walikuwa wanapigwa, wengine wanakatwa mikono. Ilikuwa hivyo mpaka 1908.

Mzee alinyamaza, akaendelea kukanyaga kerezo lake. Halafu akauliza: «Na yule aliyekuwa anahesabu vikapu vya mpira, aliandika na nini?»

Kwa mwili mpya alichagua pembe la ng'ombe, upande wa nchani, maana huko pembe haina tundu. Alilichemsha likalainika, akalibana katikati ya mbao mbili linyooke, akaliacha likauke majuma mawili. Nilikuwa na haraka. Yeye hakuwa nayo. Kisha akalikereza, akalitoboa kwa urefu, akivunja vipande viwili kabla ya kufaulu cha tatu. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa meno ya ndani, pale sehemu ya kushikia inapojifunga kwenye mwili. Hakuwa na chombo cha kuchongea meno. Alichukua bolti, akaipasua mifereji kwa tupa, akaizungusha polepole ndani ya pembe, akiirudisha nyuma kila mara kutoa unga. Nimeona mafundi wengi, lakini bolti ile ndiyo ninayoikumbuka. Mwisho akaing'arisha kwa majivu na kitambaa, ikawa nyeupe yenye mishipa ya moshi. Nilimlipa faranga 20 000 na akaona ni nyingi.

Kuandika kulikuwa kazi nyingine. Ule ulimi una mfereji mwembamba: wino unashuka, hewa inapanda kuchukua nafasi yake. Hewa ikizuiliwa, kalamu inakauka; ikizidi, wino unamwagika. Mzee aliiinua ncha juu ya mwanga wa jua mpaka akaona ufa wake ni mwembamba zaidi kwenye ncha kuliko juu, akaridhika. Hatukuwa na kifuko cha ndani, basi wino tulimimina moja kwa moja kwenye mwili kwa bomba la sindano, na meno tukayapaka mafuta yasivuje. «Uijaze kila asubuhi, mtoto wangu,» aliniambia. «Ikibaki na wino kidogo, hewa ndiyo inajaa. Mkono wako unaipasha joto, inatanuka, inasukuma wino nje.»

Nilisikia. Sikushika.

Mwezi wa kwanza 2025 nilikuwa Bulengo naandika matangazo ya kutafuta jamaa. Nilikuwa nimeshaandika watu wengi, kalamu imebaki na wino wa chini tu, na nilikuwa naona aibu kusimama kuijaza mbele ya mstari wa watu. Sema ukweli: nilipenda pia kuonekana nayo. Mama mmoja alikaa, akanieleza habari za mtoto wake. Nilipomaliza kuandika, tone kubwa likaanguka kwenye ukurasa. Lilifunika jina la mtoto na tarakimu za mwisho za simu. Mama alikuwa ameshasimama. Nikajiambia nitarudi Jumatatu kumuuliza tena.

Kabla sijarudi, vita viliingia Goma. Mwezi wa pili kambi zikavunjwa, watu wakatawanyika, na mzee wa kerezo naye akaondoka. Nimeuweka ukurasa ule juani, nimeuangalia kwa nyuma kwenye taa ya studio. Wino umekula karatasi yote pale.

Kinachosomeka ni hiki. Mtoto wa kiume, miaka saba wakati huo. Alipotezana na mama yake kwenye barabara ya Sake kuja Goma, mwezi wa pili 2024, siku ambayo watu walikuwa wengi barabarani. Alivaa suweta ya kijani iliyounganishwa mkono mmoja kwa uzi mwekundu, na alikuwa amebeba sufuria dogo lisilo na kifuniko. Mama alikuja kwangu na mtoto mchanga mgongoni.

Mama, kama ni wewe, au kama unamfahamu, fika kwenye redio siku yoyote asubuhi uulize mwandishi wa matangazo ya jamaa. Hakuna malipo. Nitaandika upya, na biki, na nitakusomea nilichoandika kabla hujaondoka.