Mwanagenzi na Wenzake

Kila ufundi una mlango wake, na mlango wa Counter-Strike, mchezo wa kompyuta uliozuka mwaka 1999, ni kushindwa. Watu watano hupambana na watano. Kundi moja hutaka kutega bomu, jingine hulizuia. Mwanagenzi huingia kwa pupa. Hupiga risasi huku akikimbia, nazo hupotea, kwa maana bunduki ya mchezo huo humtii aliyesimama. Huuawa mapema, wala hafufuki mpaka duru ifuatayo. Hapo hushikwa na haya, kwa kuwa wanne wameachiwa mzigo wa watano.

Lakini kifo hicho ni darasa. Akiwatazama wenzake walio hai, huona kuwa hunyata ili nyayo zisisikike, huelekeza bunduki kimo cha kichwa kabla adui hajatokea, na hupashana habari kwa maneno machache. Basi na ajifunze kwanza kusimama apigapo, kisha kusikiliza, kisha kusema alichokiona. Shabaha huja nyuma. Asiyeweza kumwangusha adui aweza kumwambia mwenziwe adui alipo, na pengine neno hilo moja likaokoa kundi zima. Ajuaye kufaa kabla ya kung'aa amekwisha kuwa mchezaji.