Safari ya Shimoni: Tulivyojifunza Kuwalisha Samaki wa Nyumbani



Juma hili tunawaandikia habari za safari fupi tuliyoifanya sisi na ahli zetu kutoka Mombasa hadi Shimoni na kisiwa cha Wasini, katika kaunti ya Kwale. Wengi huenda huko kwa matembezi. Sisi tulikwenda kwa ajili ya samaki mmoja mgonjwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Jirani yetu mmoja alipata kazi Dubai, na alipohama akamwachia binti yetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka 12, tangi la kioo lenye maji ya chumvi na samaki wanne wa baharini. Mmoja alikuwa kangaja wa rangi ya buluu, mmoja kitatange wa manjano, na wawili ni wale wadogo wa rangi ya machungwa wenye mikanda myeupe, ambao baharini hukaa ndani ya anemoni. Pamoja na tangi tuliachiwa mkebe mmoja wa chakula kikavu. Tukadhani mambo yametimia. Asubuhi binti alitia chembe chache, na jioni vivyo hivyo. Siku ya Idd watoto wa wageni waliwatupia vipande vya mkate wa mayai, nasi tulikuwa tumeketi pale pale, tukacheka.

Haukupita muda mrefu, yule kitatange akakonda hata mgongo wake ukawa kama wembe, kisha akafa. Hakuwahi kula hata chembe moja ya kile chakula, na sisi tulimdhania anadeka. Kangaja naye akaanza kupauka rangi, na vijishimo vidogo vikatokea kandokando ya macho yake. Binti akatuuliza, “Baba, mbona huyu anakula kila siku na bado anadhoofika?” Hatukuwa na jibu.

Usiku ule tuliikumbuka hadithi tuliyoisomesha madrasa kwa miaka mingi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia ndani, hakumlisha wala hakumwachilia akajitafutie mwenyewe. Tumeisomesha mara nyingi, na kila mara mawazo yetu yalikuwa kwa paka, mbuzi na punda. Hatukuwahi kuwaza kwamba tangi la kioo lililo sebuleni mwetu nalo ni mahali pa kufungiwa. Kufuga si haramu. Tunajua jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomtania mtoto Abu Umayr juu ya kindege chake, na wanazuoni wakachukua hapo ruhusa ya kufuga. Lakini vitabu vya fiqhi vimemlazimisha mfugaji kumpa mnyama wake chakula kinachomfaa, na akishindwa, amtoe mkononi mwake kwenda kwa anayeweza. Basi tukaazimia kwenda kuwauliza watu wanaoijua bahari.

Tuliondoka siku ya Jumamosi baada ya Swala ya Alfajiri. Tukavuka kwa feri ya Likoni, tukapita Ukunda na Msambweni, kisha Ramisi penye mashamba ya miwa, na tulipofika Kanana tukaiacha barabara ya Lungalunga, tukashika ile ishukayo baharini. Kabla ya kufika Shimoni tulipinda kwenda Kibuyuni, kwa kuwa tulisikia kwamba akina mama wa kijiji kile hulima mwani.

Ilikuwa bamvua, na maji yalikuwa yamekupwa mbali. Akina mama walikuwa ndani ya maji ya magoti, leso zimefungwa viunoni, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Mama mmoja wa makamo alitukaribisha, akamwonyesha mama wa nyumba yetu jinsi ya kufunga fundo lisilokata shina. Tukamuuliza adui wa shamba lake ni nani. Tulitazamia kusikia habari za mawimbi au joto la maji.

“Sheikh, adui wetu ni tafi,” akasema. “Huja makundi makundi maji yakijaa, wakautafuna mwani mchanga kama mbuzi walioingia kwenye kunde. Na kangaja nao hawachelewi.”

Binti yetu akatutazama. Kumbe samaki tuliyemfuga ni mla majani, na sisi kwa muda wote ule tulimlisha unga wa nyama ya samaki asubuhi na jioni. Tulinunua mwani mkavu wa kutosha kijifuko kimoja. Yule mama alipoambiwa ni wa samaki wa nyumbani, alicheka sana, akasema hajawahi kumuuzia adui yake.

Kutoka hapo tukaenda Shimoni, mji ambao jina lake limetokana na mapango yaliyo karibu na bandari yake. Baada ya Adhuhuri tuliketi chini ya mti na mzee mmoja mvuvi, ambaye ujanani mwake alikuwa akizamia samaki wa mapambo. Biashara hiyo ipo pwani yetu. Samaki huvuliwa wakiwa hai miambani, wakatiwa ndani ya mifuko ya maji na hewa, wakasafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Tulimweleza mzee habari za kitatange wetu, akasikitika.

“Sheikh, usianze kwa kumwuliza muuzaji bei,” akasema. “Anza kwa kumtazama samaki kinywa.”

Akatueleza moja baada ya jingine. Kangaja ana kinywa kidogo na meno mafupi yaliyopangika, ya kukwangua ukijani juu ya mawe. Pono ana mdomo mgumu kama wa kasuku, naye huguguna jiwe lenyewe, na mchanga mweupe tuukanyagao ufukweni baadhi yake umepita tumboni mwake. Kikande ana meno mazito ya kuvunjia kaa na makombe, na mfugaji asiyempa vitu vigumu humwona meno yakizidi urefu. Samaki wa anemoni hana haja ya kuguguna, kwa maana hudaka vijidudu vinavyopita na maji na kudonoa ukijani kidogo. Na vitatange hawako sawa. Wako wanaokula minyoo na vijidudu vya mawe, na hao mtu hodari huweza kuwazoesha. Wako ambao hawali ila vijinyama vilivyo hai vya matumbawe, na hao wakitiwa ndani ya tangi hufa njaa mbele ya chakula.

“Huyo wenu alikuwa katika hao wa mwisho,” mzee akasema. “Hakudeka. Hakukijua mlichompa.”

Maneno hayo yalituingia. Kosa lilikuwa limetendeka tangu alipotolewa mwambani, lakini sisi nasi tulimtazama akikonda tukampa jina la mdekaji.

Tulilala Wasini, kisiwa kisicho na magari, ambako usiku husikia ila bahari na adhana. Asubuhi akina mama wa kijiji walitupitisha kwenye njia yao ya mbao iliyo juu ya bustani ya matumbawe makongwe na mikoko, kisha tukapanda mashua kwenda Kisite. Hifadhi hiyo ya bahari ilianzishwa katika miaka ya 1970, na humo hairuhusiwi kuvua wala kuokota. Maji yalikuwa safi, na mama wa nyumba yetu aliwaona samaki akiwa ameketi ndani ya chombo. Sisi na binti tulivaa miwani ya kuzamia tukaelea juu ya mwamba.

Tulichokiona pale kilitufunza kuliko yote. Kangaja hakuwa na saa ya chakula. Alidonoa jiwe hili, akahamia lile, akarudi, na muda wote tulipomtazama hakupumzika. Vitatange walikwenda wawili wawili wakichagua matumbawe kama wanunuzi sokoni. Wale wadogo wa machungwa walichomoka katika anemoni, wakadaka kitu kisichoonekana, wakarudi. Kila mmoja alikula kidogo kidogo, mchana kutwa, na vitu vya namna nyingi.

Karibu yetu palikuwa na mashua nyingine, na wageni waliokuwamo wakatupa mkate majini. Papo hapo samaki wenye mistari wakajaa juu wakigombania. Nahodha wetu akatikisa kichwa, akasema mkate humjaza samaki tumbo bila kumjenga mwili. Binti hakusema neno. Alitutazama tu, nasi tukaikumbuka siku ya Idd.

Tuliporudi nyumbani tulibadilisha mambo, na kwa kuwa tunajua ziko nyumba nyingine zenye matangi kama letu, tunaeleza tuliyoyafanya.

Kwanza, kangaja alitengewa majani yake ya kila siku. Mwani wa Kibuyuni tuliurowesha ndani ya maji matamu ukalainika, tukaubana kwenye kioo kwa kibanio cha plastiki kisicho na chuma, kwa kuwa chuma hushika kutu na kuharibu maji. Siku mbili aliukwepa, na siku ya tatu akaudonoa. Pia tunampa zile karatasi nyembamba za mwani ambazo Wajapani huviringia wali, na huuzwa katika maduka makubwa, ila tunachagua zisizotiwa chumvi, mafuta wala viungo.

Pili, tuliandaa mchanganyiko wa vyakula vya baharini. Mama wa nyumba yetu hununua kamba, ngisi, nyama ya chaza na kipande cha samaki mweupe, huviosha kwa maji matamu, huvikatakata vidogo kadiri ya vinywa vya walaji, na kuvichanganya na mwani uliosagwa. Hatii chumvi, ndimu wala mafuta. Hukitandaza chakula hicho chembamba ndani ya mfuko na kukigandisha, na kila mara huvunja kipande kidogo, akakiyeyusha na kukichuja kwanza, kwa maana ule urojo wake huchafua maji.

Huenda mtu akauliza kwa nini asichague kitu kimoja kizuri akadumu nacho. Ni kwamba hakuna kimoja kinachotosha. Samaki wa baharini huhitaji mafuta ya omega-3 ambayo miili yao haijitengenezei ya kutosha, nayo hupatikana katika vyakula vya baharini. Nyama ya ng'ombe, kuku na maini ina mafuta yasiyowafaa. Kamba na baadhi ya samaki wabichi nao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, hivyo anayelishwa kitu hicho peke yake kwa muda mrefu hudhurika ingawa tumbo limejaa. Rangi nyekundu na ya manjano samaki haiumbi mwenyewe, bali huipata katika mwani na vijidudu anavyokula. Na vile vijishimo vya usoni mwa kangaja huhusishwa, pamoja na sababu nyingine, na upungufu wa vitamini.

Tatu, mkebe hatukuutupa. Chakula kikavu kizuri kina nafasi yake, bali kisiwe peke yake. Vitamini zake, hasa vitamini C, hupungua kadiri kinavyokaa. Kwa hiyo twanunua mkebe mdogo, twaandika juu yake tarehe ya kuufungua, na twaufunika barabara mahali pasipo joto.

Nne, ni kipimo. Sasa binti huwalisha mara tatu kwa siku, kila mara kile tu wanachoweza kukimaliza kwa dakika mbili hivi. Kinachobaki hukitoa kwa kijiwavu, kwa sababu kikiozea ndani huzaa amonia, nayo ni sumu kwao. Israfu imekatazwa hata katika kulisha.

Miezi imepita. Kangaja amerudiwa na buluu yake na mwili umejaa, ingawa alama za vile vishimo zingali usoni mwake, na huenda zisiondoke. Wale wawili wa machungwa hupanda juu wakisikia nyayo za binti. Mahali pa kitatange pamebaki wazi. Majuzi tulipita na binti dukani, akamwona mwingine wa manjano kama yule, akasimama kumtazama kwa muda. Sisi tulinyamaza, tukitaka tusikie atakalosema.

“Baba,” akasema, “huyu chakula chake hatunacho.”

Tukaenda zetu. Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyapuuza, na atuwezeshe kutimiza haki za viumbe vyote alivyoviweka chini ya mikono yetu. Wabillahi tawfiq.