Usalama wa Mtandao: Tunamlinda Nani?

Wanafunzi wanaokuja kwangu kutaka ushauri kuhusu shahada ya uzamili katika usalama wa mtandao na mitandao ya kompyuta aghalabu huuliza maswali mawili: je, hisabati yake ni ngumu, na je, kazi zipo? Ni maswali halali, maana karo ni ghali na ajira ni adimu. Hata hivyo, mimi niliyeisomea shahada hiyo jioni baada ya kazi naona kuwa lipo swali la tatu lililo zito zaidi: maarifa haya yatamtumikia nani?

Msingi wa elimu hii ni nguzo tatu: usiri, uadilifu na upatikanaji. Usiri maana yake ni kwamba taarifa isomwe na anayestahili pekee. Uadilifu ni kwamba isibadilishwe na asiye na idhini, iwe safarini au ghalani. Upatikanaji ni kwamba mwenye haki nayo aipate anapoihitaji. Ikianguka nguzo moja, nyumba haikaliki, hata kama zile mbili zimesimama imara.

Katika zoezi moja la maabara tuliunganisha kompyuta mbili, tukaingia katika moja kutoka nyingine kwa Telnet, itifaki kongwe isiyosimba mawasiliano, huku programu ya Wireshark ikinasa pakiti zilizopita. Nenosiri likajitokeza kwenye skrini herufi kwa herufi, mfano wa barua iliyotumwa bila bahasha. Tuliporudia zoezi kwa SSH, tuliona vurugu ya alama zisizosomeka. Hapo mwenzetu mmoja, mtumishi wa umma wa miaka mingi, akauliza: "Mwalimu, mkubwa wangu akiniamuru nisome barua pepe za mfanyakazi fulani, nifanyeje?" Mwalimu akamjibu: "Amri ya kompyuta ni mstari mmoja tu. Amri ya sheria ndiyo ndefu. Anza na hiyo ndefu."

Jibu hilo limenifaa kuliko vitabu vingi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu halali ya kufanya hivyo. Fundi asiyeyajua hayo ni hatari hata akiwa na vyeti vya kujaza ukuta.

Tutazame sasa mifano miwili. Mnamo Julai 2023 jukwaa la eCitizen la serikali ya Kenya lilifurikishwa maombi bandia hadi wananchi wakashindwa kupata huduma. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, yaani nguzo iliyopigwa ilikuwa ya tatu, upatikanaji. Sote tuliliita tukio hilo shambulio, na tulikuwa sahihi. Miaka miwili na nusu kabla ya hapo, mkesha wa uchaguzi wa Januari 2021, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa amri ya mamlaka, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Tendo hilo likaitwa usalama. Mfanyabiashara aliyeshindwa kumfikia mteja, au mzazi aliyekosa habari za mwanawe, hakuwa na namna ya kupambanua madhara ya mdukuzi na madhara ya amri. Kwa kipimo tunachofundishwa darasani, nguzo iliyoangushwa ni ile ile.

Simaanishi kwamba dola haina maadui mtandaoni. Inao, na inahitaji vijana wenye ujuzi wa kuwakabili. Ninachokataa ni neno "usalama" kugeuzwa pazia la kumficha mwenye nguvu dhidi ya raia wake.

Kwenu watumishi wa umma, kumbukeni kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Nenosiri moja linalotumiwa na idara nzima, au lililobandikwa kando ya kompyuta, humwondolea mdukuzi kazi yote. Zaidi ya hayo, taarifa zikivuja, hakuna awezaye kujua ni nani aliyeingia. Kila mtu awe na lake, na kila aingiaye aandikwe.

Kwenu wanafunzi, isomeni shahada hii. Anzeni na mitandao kabla ya udukuzi, kwa maana huwezi kulinda njia usiyojua inakopita. Someni na Katiba, sura kwa sura, kwa bidii ile ile mnayozisomea itifaki. Siku itafika ambapo funguo za taarifa za maelfu ya watu zitakuwa mikononi mwako, na mkubwa wako atakuomba umfungulie mlango usiomhusu. Siku hiyo hakuna mtahini atakayekuwapo, na alama zitatolewa kwa wananchi wasiokujua hata jina.